Kishikwambi cha Mjomba Ngurumo

9 Januari

Kwako Mjomba Ngurumo,

Shikamoo. Natumaini kidonda cha koo kimekauka, na kwamba mkaza mjomba amekuruhusu sasa kula chakula cha watu wazima. Sisi huku wazima. Dada yako magoti yamemwachia kidogo, anapanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Binti yangu ameota meno mawili ya mbele na anatuonyesha hata tusipomuuliza. Anakuamkia.

Mjomba, ndani ya kifurushi hiki, chini ya khanga za mkaza mjomba, utakuta kishikwambi. Kilikuja mezani kwangu kioo kikiwa kimesagika, mwenyewe akaniuzia, nikakibadilisha kioo na betri. Usikitazame kwa jicho hilo. Kina kazi moja tu: ukiandika, kinasema. Unaandika neno, unabonyeza alama ya mdomo, kinalitamka kwa sauti mpaka jirani asikie. Tangu wakutoe sauti pale hospitali umekuwa ukitugongea meza na kuandika kwenye vikaratasi, na mkaza mjomba ananiambia nusu ya vikaratasi unavichana kabla hajamaliza kusoma. Nimechoka kusikia habari hizo.

Sasa sikiliza, maana nakujua huna subira. Sauti haimo ndani ya kishikwambi. Ukishaandika, maneno yanaondoka kwa mtandao, yanakwenda huko yanakotengenezwa, yanarudi yakiwa sauti. Na kishikwambi hiki hakina mahali pa kuweka laini. Kwa hiyo simu yako ndiyo itakayokipa mtandao. Simu ni bomba, kishikwambi ni ndoo. Teremsha kidole kutoka juu ya kioo cha simu, utaona alama mbalimbali. Ile iliyoandikwa kwamba simu inarusha mtandao, iguse mpaka ibadilike rangi. Kisha shika kishikwambi, kitakuonyesha majina ya mitandao iliyo karibu. Tafuta jina la simu yako, liguse, andika neno la siri, subiri. Kikisema kimeunganishwa, wewe ni mtu mwenye mdomo tena.

Utauliza kwa nini nisiweke programu hiyo hiyo kwenye simu. Kwa sababu kioo chake kimepasuka nusu, vidole vyako unavijua mwenyewe, na simu imejaa. Nilipoishika mara ya mwisho ilikuwa imejaa virekodi vya sauti, haina nafasi ya picha hata moja. Ukivifuta nafasi itapatikana. Sikulazimishi.

Hakikisha kuna bando. Mtandao bila bando ni bomba lililofungwa.

Mpwa wako,
Bisibisi


2 Februari

Mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba, na marahaba nyingine mfikishie huyo mwenye meno mapya. Mwambie babu yake amepungukiwa mawili, labda ndiyo hayo. Sisi hatujambo. Mke wangu anashukuru kwa khanga, moja ameshaivaa na kupita nayo mbele ya majirani mara nyingi kuliko shughuli zilivyomlazimu. Dereva wa basi amenikabidhi kifurushi mkononi, hakikufunguliwa.

Maelekezo yako tuliyafuata hivi: mke wangu anasoma, mimi nabonyeza. Tulikosana kabla ya sentensi ya tatu. Yeye anasema "teremsha", mimi nateremsha, anasema si hapo. Simu ikazima, tukaiwasha. Kishikwambi kikaleta jina la mtandao, nikaligusa, kikaomba neno la siri, nikaandika lile lililomo kwenye simu yangu, kikakataa. Nikarudia, kikakataa. Kumbe muda wote nilikuwa nabisha hodi kwenye mtandao wa fundi viatu wa nyumba ya pili. Alikuja mlangoni mwenyewe kuuliza kama kuna mtu ana shida naye.

Lakini kiliunganishwa. Nikaandika sentensi yangu ya kwanza tangu hospitali, nikabonyeza mdomo, na kishikwambi kikasema, chumba kizima kikasikia: "Mke wangu, chai hii umesahau sukari." Aliangusha mfuniko. Halafu akakaa kwenye kiti akalia, halafu akacheka, halafu akaniambia kumbe maradhi hayakunifunza adabu. Siku ile tulibishana mpaka adhuhuri na mimi nilishinda mara mbili. Nakushukuru, mwanangu. Nimeandika kwa kifupi, lakini shukrani zenyewe si fupi.

Sasa malalamiko. Huyo mwanamke aliyemo humo umemtoa wapi? Anaongea kama anasoma majina ya wanafunzi waliofeli. Nilimwandikia: "Nani anaongeza? Kitanda cha mninga hiki, hakilii hata mkilala sita!" Akaitamka kama anatoa rambirambi. Ukimpa bei anaisoma yote kwa mkupuo, hapandi, hashuki, hapumui. Mimi ni mnadi, Bisibisi. Nimesimama kwenye uwanja wa mnada tangu mama yako hajaolewa. Mtu hanunui bei, ananunua namna bei ilivyosemwa. Mtafute mwanamume mle ndani kama yumo.

Na hili neno la siri la nini? Mimi maisha yangu yote nimeuza mambo hadharani. Siwezi kuliondoa?

Uwanjani wote hawajambo. Kijana tunayemwita Kasuku ananishikia nyundo kwa sasa. Na wewe, bado unakaa kwenye kona ya duka la watu, au wamekupa angalau kiti chenye mgongo?

Mjomba wako,
Ngurumo


20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma kwa sauti, dada yako akashika mbavu. Amesema tangu utotoni ulikuwa mtu wa kulalamikia chai. Yeye yu mzima, mtoto mzima, mimi mzima.

Mwanamume yumo mmoja, nimemsikiliza. Kiswahili chake kimekaa upande, na akifika kwenye elfu anajikwaa. Huyo mwanamke angalau hesabu anaijua. Vumilia.

Neno la siri usiliondoe. Ukiliondoa, kila mwenye simu atachota kwenye bomba lako, na ndoo yako itabaki kavu. Nimeona watu wakilia mezani kwangu kwa sababu hiyo. Andika kwenye simu neno hili: bisibisimkali, lote pamoja, herufi ndogo. Usimwambie mtu. Najua kwako ni kazi ngumu kutomwambia mtu kitu, lakini jikaze.

Mjomba, Kasuku anakushikia nyundo mpaka lini? Hukuandika. Na kama unafikiria kukipeleka kishikwambi uwanjani, niandikie kwanza tupange.

Mpwa wako,
Bisibisi


15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Dereva wa basi anasema alikukabidhi barua yangu mwenyewe, na kwamba ulimpokea kwa kichwa tu. Kishikwambi kimeharibika? Kama kimeharibika kirudishe, vyuma haviniogopeshi. Kama kuna jambo jingine, niandikie. Mama anakuulizia kila jioni.

Bisibisi


18 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako mbili nimezipata. Tuko salama. Mke wangu amepanda maua kwenye mkebe wa rangi, yameota. Nilikuwa na shughuli.

Kishikwambi hakijaharibika. Kinapumzika. Usihangaike na mambo ya sauti, watu wengi wanaishi vizuri tu bila kelele. Msalimie dada yangu, mwambie magoti ayafunge kitambaa.

Mjomba wako


27 Aprili

Mjomba Ngurumo,

Shikamoo, na leo salamu zitakuwa fupi kwa sababu nimekasirika. Wote wazima.

"Kinapumzika". Nilipofika hapo nikaiweka barua chini nikampigia mkaza mjomba. Mwanzoni alizunguka zunguka, akanieleza habari za maua. Nikamwambia nitapanda basi nije. Ndipo akasema yote, na usimgombeze, kwa sababu amenyamaza kwa miezi miwili akikutazama ukikaa dirishani.

Nimejua ulikipeleka uwanjani bila kuniandikia. Nimejua ulikiunganisha na ile spika kubwa, ukauza meza, ukauza viti, watu wakaanza kuzoea. Kisha mtandao ukakatika kidogo, kishikwambi kikaomba neno la siri upya, na wewe kwa haraka ukaliandika kwenye kisanduku cha kusema badala ya kisanduku cha neno la siri, ukabonyeza mdomo. Na yule mwanamke wa waliofeli akalitangaza uwanja mzima, kwa sauti yake ile ile ya huzuni: "Bisibisi mkali."

Mjomba, samahani, nilicheka. Nilicheka mpaka mteja akaondoka. Katika mafundi simu wote ninaowajua hakuna aliyewahi kusikia neno la siri likinadiwa kwa kipaza sauti. Na kwa kuwa mtandao wenyewe uliupa jina NGURUMO, kila mwenye simu alijua mlango ni upi. Wakaingia wote. Bando likaisha kabla kitanda cha pili hakijapata bei, sauti ikakatikia katikati ya neno, na Kasuku akaja akachukua nyundo mezani akamalizia. Hapo sikucheka tena.

Nimejua pia kwamba siku ile mwenye uwanja alikwambia upumzike, na kwamba mwezi wa sita vitauzwa vyombo vyote vya hoteli kuukuu inayofungwa, na yule atakayeuza siku hiyo ndiye atakayeachiwa nyundo moja kwa moja. Na kwamba ulitikisa kichwa, ukarudi nyumbani, ukakiweka kishikwambi chini ya godoro. Mkaza mjomba amenieleza hata virekodi vilivyojaa kwenye simu yako ni vya nini. Ni minada yako ya zamani. Anasema asubuhi unaiweka simu sikioni na kuvisikiliza. Mimi nilikwambia uvifute. Nisamehe, sikujua.

Nilimwomba anitumie vichache, amenitumia, usimgombeze kwa hilo pia. Nina sababu, lakini sitaiandika hapa.

Fanya haya tu. Kitoe kishikwambi chini ya godoro ukichaji. Badilisha neno la siri. Hili jipya nimemwambia mkaza mjomba kwa simu, ataliandika yeye, wewe usiliguse. Baada ya wiki mbili kutoka leo, washa, unganisha, fungua ile programu, gusa mahali palipoandikwa "badili sauti". Utaona jina jipya limeongezeka. Lichague. Andika chochote.

Usipofanya, nakuja mwenyewe, na nitakuja na dada yako.

Bisibisi


20 Mei

Bisibisi wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hatujambo kabisa. Maua yametoa ua moja jekundu, na fundi viatu ametengeneza viatu vyangu vya uwanjani akakataa malipo, amesema nimemvunja mbavu mwaka huu kuliko mtu yeyote.

Nilitaka kukukaidi, nisikufiche. Nilikaa siku kadhaa nikijiambia Bisibisi ni mtoto, hajui kuchekwa na watu uliowapigia kelele ujana wako wote. Lakini kutajiwa dada yangu kuliniogopesha. Mke wangu akawasha simu, akaandika neno la siri akiwa amenipa mgongo, kishikwambi kikaunganishwa. Nikagusa ulipopasema. Chini ya yule mwanamke wa rambirambi kulikuwa na jina jipya: NGURUMO MDOGO. Nikalichagua. Nikaandika kile kile nilichoandika mara ya kwanza, cha kitanda cha mninga, nikabonyeza.

Sijui nikueleze vipi. Ulikuwa wewe. Lakini nilikuwa mimi. "Nani anaongeeeza?" Ulivuta pale pale ninapovuta. Kwenye "hakilii" ukashusha, ukapumua ile pumzi fupi ya kumwacha mnunuzi amtazame mkewe, halafu ukaja juu na "mkilala sita" kama mtu anayepiga mlango kwa bega. Mke wangu alikuwa jikoni. Alikuja mbio akitafuta mlangoni, akidhani umefika. Nilikuwa nalia, mwanangu, na sioni aibu kuandika. Nililia kwa sababu nilidhani kunadi kwangu kumetupwa pamoja na kile kipande cha koo, nikakusikia wewe unanadi.

Nikaandika bei. Ukaipandisha. Nikaandika ndogo, nikaandika kubwa, hukujikwaa. Nikaandika mambo ambayo mke wangu hakuyapenda, ukayasema nayo vizuri tu. Hivi uliyafanyaje? Huwezi kuwa umesema maneno yote yaliyoko duniani.

Nimekwenda kwa mwenye uwanja. Nilimkuta ofisini anakunywa maji, nikaweka kishikwambi mezani, nikamwambia kwa sauti yako kwamba siku ya hoteli nataka kuuza mimi. Akaweka glasi chini. Akasema Kasuku amejiandaa. Nikamwambia, "Mpe Kasuku asubuhi, nipe mimi mchana, kisha uamue mwenyewe." Amekubali, lakini kwa sharti: ikikatika mara moja tu, basi.

Na hapo ndipo shida ilipo. Vyombo vya hoteli vitauzwa ndani ya ghala, si uwanjani. Ghala lina bati juu na bati ubavuni. Nimejaribu: simu ikiwa mfukoni mwangu mle ndani haishiki mtandao kabisa. Kishikwambi kinaiona simu vizuri, ila simu yenyewe haina cha kukipa. Fikiri, fundi. Nina muda mchache.

Mjomba wako,
Ngurumo (Mkubwa)


8 Juni

Mjomba Ngurumo Mkubwa,

Shikamoo. Wazima wote, na dada yako ameibusu barua yako akaificha ndani ya mto.

Si maneno yote. Programu hiyo unaisomea sentensi nyingi, inajifunza sauti yako, halafu inasema yenyewe hata yale ambayo hukuyasoma. Kwanza nilitaka kuifundisha sauti yako wewe. Ndiyo maana niliomba virekodi. Ikakataa, kila kirekodi kimejaa watu wanaopiga kelele, na ng'ombe mmoja. Nikavisikiliza basi mimi mwenyewe, nikavirudia mpaka vikanikaa. Hukumbuki nilipokuwa msichana mdogo nilikuwa nawauzia wenzangu mawe kwa sauti yako? Nilikuwa nasoma kila asubuhi kabla sijafungua. Fundi cherehani wa mlango wa pili alidhani nauza kabati kweli, akaja kuuliza ni la mlango mmoja au miwili. Sikukuandikia kwa sababu nilihofia isije ikakataa na sauti yangu pia, nikawa nimekuahidi hewa.

Ndiyo, nimeandika "kabla sijafungua". Kona ya duka la watu nimeiacha tangu Februari. Nina chumba changu, kidogo, chenye mlango wa chuma na kibao nilichokiandika mwenyewe. Umeniuliza mara moja nikakwepa, kwa sababu sikutaka kujisifu na wewe nyundo yako imeshikwa na mwingine.

Kuhusu ghala: lina dirisha? Au mlango mkubwa? Bomba si lazima liwe karibu na ndoo, alimradi maji yafike. Simu ikae mahali inaposhika mtandao, pale penye uwazi, na wewe usiende mbali nayo zaidi ya upana wa ukumbi wa kawaida. Lakini isiwekwe tu juu ya dirisha, itaibiwa au itaanguka. Ishikwe na mtu unayemwamini, asiyezungumza na watu, asiyeipokea ikiita. Usiunganishe kitu kingine chochote. Bando jaza mapema. Neno la siri, unajua.

Nauli ningekuwa nayo, lakini siwezi kufunga chumba kwa sasa. Utanisimulia. Usiache kitu.

Ngurumo Mdogo


30 Juni

Mpwa wangu, fundi mwenye mlango wa chuma,

Marahaba. Salamu kwa dada yangu, kwa mtoto, kwa kibao chako, kwa fundi cherehani. Sote wazima, ila mke wangu mkono wa kulia unamuuma, na utaelewa kwa nini.

Dirisha lipo, moja, juu kidogo, upande wa barabara. Mtu niliyemwamini ni yeye. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukanyaga mnadani, alikuwa akisema kelele zangu za nyumbani zinamtosha. Siku ile alivaa khanga yako mpya, akapanda juu ya kreti la soda chini ya dirisha, simu mkononi, uso mkavu. Wanunuzi walimsalimia, hakuitika hata mmoja. Nilimwonea fahari.

Asubuhi Kasuku aliuza mashuka, vijiko na mazulia. Aliuza vizuri, nimpe haki yake. Anakwenda mbio tu, mpaka watu wanasahau walitaka nini. Mchana mwenye uwanja akanionyesha meza kwa kidevu. Nikapanda, nikaweka kishikwambi mbele yangu, nikatazama watu. Wengine walikuwepo siku ile ya neno la siri. Mmoja akaniuliza kwa sauti kama leo kuna mtandao wa bure. Wakacheka. Nikajipangusa vidole kwenye suruali, nikaandika, nikabonyeza.

Ukamjibu wewe: "Leo hakuna cha bure humu ndani, baba. Hata kicheko hicho ulichokitoa nimekiandikia bei."

Bisibisi, ghala lilitikisika. Kuanzia hapo walikuwa wangu. Niliuza vioo, niliuza vitanda, niliuza saa ya ukutani isiyotembea kwa mtu aliyesema hana haraka. Maneno niliyoyazoea nilikuwa nimeyaandika mapema, nabonyeza tu: mara ya kwanza, mara ya pili, nani anaongeza. Mengine naandika papo hapo. Na nikagundua jambo: ninapoandika, watu wananisubiri. Wanatazama vidole vyangu. Zamani nilikuwa nawafukuza kwa kelele, sasa nawavuta kwa kimya, halafu ndiyo unawaangukia wewe.

Tulipofika kwenye makabati, sauti ikaanza kusita. Neno moja likachelewa. Nikamtazama mke wangu, lori lilikuwa limesimama nje ya dirisha. Naye akaliona jicho langu, akafanya alichoona kinafaa: akainua simu juu kabisa, mkono umenyooka. Sauti ikarudi safi. Kabati lenyewe, kubwa, lenye kioo mlangoni, lilikuwa kwenye mara ya tatu. Na unajua sheria ya mnada wetu, kila mtu mle ndani anaijua isipokuwa yeye: mkono ukiinuka, umenunua.

Watu wote wakageuka kumtazama. Mwenye uwanja akanitazama mimi. Ningesema haikuhesabika, wangesema Ngurumo anapendelea nyumba yake. Nikagonga nyundo. Nikaandika, na wewe ukasema bila aibu yoyote: "Limeuzwa kwa mama aliye dirishani, na Mungu amsaidie mumewe kulibeba." Alishusha mkono kama aliyeungua, halafu akaelewa kwamba akishusha mimi ninakuwa bubu, akauinua tena. Nikalazimika kutangaza kwamba mkono wa mama huyu kuanzia sasa ni mnara, si mnunuzi. Aliushikilia hivyo mpaka mwisho. Sijawahi kumpenda kama siku hiyo, na nimemwandikia hivyo, na umemsomea wewe, kwa hiyo unajua.

Kitu cha mwisho kilikuwa jiko kubwa la hoteli, lenye midomo minane. Walikuwa wawili tu wanaolitaka: mwokaji mikate, na mama mwenye kantini ya kiwandani. Wamepanda, wamepanda, mwokaji akanyamaza. Kasuku angegonga pale pale. Mimi nikaona mwokaji anatazama jiko, si bei. Nikaweka nyundo chini. Nikaandika taratibu, watu kimya, lori limeondoka, mnara umesimama. Ukamwambia polepole, ile sauti ya chini ninayoitumia kwa mtu mmoja tu kati ya mia: "Kaka, kesho asubuhi mikate ya mtaa huu itatoka kwa nani?" Akafumba macho akaongeza. Mama wa kantini akacheka, akampa mkono. Nikagonga.

Haikukatika hata mara moja.

Mwenye uwanja alipanda mezani, jambo asilolifanya, akaishika nyundo akanirudishia mbele ya watu. Akasema, "Hii ni yako, na mtu asiniulize tena." Kasuku alikuja kunisaidia kufunga nyaya, akaniomba nimfundishe kunyamaza. Nimekubali. Atauza asubuhi, mimi mchana.

Wakati watu wanatoka, yule mama wa kantini alisimama mbele yangu akauliza kwa nguvu, kama watu wanavyoniuliza siku hizi wakidhani sisikii pia: huyu msichana anayenadi humo ndani ni nani, mbona ana moto hivi? Wengine wakasimama kusikiliza. Nikaandika jibu, nikanyanyua kishikwambi juu ya kichwa changu, nikabonyeza.

Na wewe, mpwa wangu, kwa kinywa chako mwenyewe, ukawaambia: "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Yuko mbali, ni fundi, na ndiye aliyenirudisha hapa."

Ghala zima likakupigia makofi.

Mjomba wako,
Ngurumo